Kufunga redio mpya kwenye Vitz bila kukata soketi ya gari

Toyota Vitz, IST, Passo na Ractis nyingi unazozikuta kwenye foleni ya Buzuruga hapa Mwanza zimetoka Japani zikiwa na redio za Japani, na shida inaanzia hapo. Kule FM inaanzia megahezi 76, na kwenye redio za miaka ya nyuma inaishia 90. Kwetu inaanzia 87.5 mpaka 108. Kwa hiyo redio inashika kipande kidogo tu cha chini. Stesheni zote zilizo juu ya 90 kwake hazipo, hata ukaegeshe kilimani Bugando. Zile zenye skrini zina ugomvi mwingine. Badilisha betri mara moja tu, itaamka na maandishi ya Kijapani ikidai kadi ya ramani au namba ya siri ambayo mwenye gari wa kwanza alibaki nayo hukohuko.

Kuna kidude kinaitwa ekspanda, unakipachika kwenye waya wa antena nacho kinashusha masafa ya stesheni ili redio ya Kijapani iyasikie. Kinafanya kazi, ila namba inayoonekana kwenye redio si ya stesheni yenyewe, na mara nyingine stesheni mbili zinagongana mahali pamoja. Kama mfuko hauruhusu, tumia. Kama unaruhusu, badilisha redio umalize.

Kuibadilisha si kazi ngumu, mtu mwenye mikono mitulivu anamaliza asubuhi moja. Kinachoharibu kazi ni plaizi. Fundi wa haraka akishachomoa redio ya zamani, jambo la kwanza ni kukata soketi ya gari, yaani kichwa cha plastiki kinachokusanya waya za gari zinazoingia nyuma ya redio. Anamenya waya kwa meno, anasokota, anazungushia selotepu, muziki unalia, unalipa na kuondoka umefurahi. Baadaye betri inakufa usiku, spika moja inakatakata kila ukipita kwenye mawe, na fundi wa pili hawezi kujua waya upi ni upi kwa sababu soketi iliyokuwa ikimwelekeza haipo tena. Kila hatua hapa chini inafuata sharti hilo moja: soketi ya gari haiguswi na plaizi.

Kabla hujalipia redio

Pima tundu la dashibodi kwa rula. Redio za kipimo cha kawaida ni za aina mbili: DIN moja, upana milimita 180 na kimo 50, na DIN mbili, upana uleule na kimo 100. Toyota wao tundu lao lina upana wa milimita 200. Maana yake redio ya kawaida ya DIN mbili itaingia vizuri kabisa na kukuachia mwanya wa karibu sentimita moja kila upande. Ama ununue vipande vya plastiki vya kuziba mwanya huo, ama utafute redio iliyoandikwa 200 kwa 100. Usikubali kuambiwa "itakaa tu". Itakaa, lakini kila abiria atakayepanda ataanza kuchungulia ule mwanya.

Redio za Android za inchi 9 au 10 ni habari tofauti. Hizo zinakaa kwenye fremu iliyochongwa kwa modeli moja na miaka fulani tu. Fremu ya Vitz iliyotoka kati ya 2005 na 2010 haiingii kwenye Vitz ya 2011, kwa hiyo nenda dukani na picha ya dashibodi yako kwenye simu. Angalia pia namba za kumbukumbu kwenye boksi: zile za 1+16 (RAM ya GB 1 na nafasi ya kuhifadhia ya GB 16) huwa zinajivuta, unaweka rivasi na picha ya kamera inakuja wakati umeshafika ukutani. Bora 2+32 au zaidi.

Kama unachotaka ni FM, flashi na kupokea simu, mimi ningenunua redio ya kawaida yenye kitufe cha kuzungusha sauti. Barabara ya kwenda Igoma ina bodaboda kila upande, na kitufe unakipata kwa kupapasa bila kutoa macho barabarani. Skrini lazima uitazame. Tena zile zisizo na sehemu ya CD ni fupi kwa nyuma, zinaacha nafasi nzuri ya waya.

Dukani mwambie muuzaji aiwashe kwa betri palepale kaunta. Ipandishe FM mpaka 108 uone inafika. Kisha angalia inaruka vipi: ikiruka 88.1, 88.3, 88.5, imewekwa kwa mtindo wa Marekani na itazipita stesheni zenye 88.2 au 88.4 bila kuziona. Kwenye mpangilio huwa kuna sehemu ya kuchagua eneo. Weka Ulaya au Asia, ijaribu tena.

Kabla ya kutoka dukani, omba "soketi za redio za Toyota": mbili, moja ya pini 10 na nyingine ya pini 6, zikiwa na vipande vya waya nyuma. Ni kitu cha bei ndogo ukilinganisha na redio yenyewe, na ndicho kitakachokuepusha na plaizi. Uliza pia adapta ya antena, maana kichwa cha antena cha Toyota nyingine hakifanani na tundu la redio mpya.

Vifaa

Spana ya boksi namba 10 yenye mkono mrefu, bisibisi ya nyota, kipande cha plastiki kigumu cha kubandulia kava, mita ya umeme, tepu nyeusi nzuri ya umeme, na betri ndogo ya AA. Hiyo ya mwisho nitakuambia kazi yake. Tafuta na kikombe cha kuwekea bolti, zikidondoka chini ya siti ya Vitz utazitafuta mpaka jioni.

Betri kwanza

Zima gari, toa funguo, fungua kichwa cha hasi kwa spana namba 10 ukisogeze mbali. Chanya kiache. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi unapiga shoti ya betri nzima. Ukikuta kichwa kina unga mweupe au wa kijani, na kwa hewa yetu ya ziwani ni kawaida, osha kwa maji ya moto na mswaki wa zamani, kausha vizuri.

Subiri kidogo kabla ya kugusa dashibodi. Toyota wenyewe wanataka zipite angalau sekunde 90 baada ya kutoa betri, ili umeme uliobaki kwenye mfumo wa eabegi uishe. Na soketi yoyote ya njano utakayokutana nayo ndani ni ya eabegi. Ipite kama ilivyo.

Kutoa redio ya zamani

Fanyia kazi kivulini, lakini si kwa sababu yako tu. Kava ya dashibodi iliyopigwa jua miaka kumi na tano imekauka kama dagaa wa Mwaloni: haipindi, inavunjika. Anza pembeni kwa chini, ingiza plastiki, bandua klipu moja moja. Ikigoma, usiongeze nguvu. Tafuta skrubu iliyojificha, mara nyingi iko nyuma ya kisanduku cha kuwekea vitu au chini ya kipande kingine cha kava.

Kava ikiachia usiivute moja kwa moja. Nyuma yake huwa kuna soketi ya swichi ya hazadi na pengine za kiyoyozi. Bonyeza ulimi wa soketi, uchomoe taratibu.

Utaona redio imeshikwa na bolti za namba 10, kwa kawaida nne. Zifungue, vuta redio uje nayo kifuani, kisha piga picha nyuma yake kabla ya kuchomoa chochote. Utakuta soketi ya pini 10, ya pini 6 na waya wa antena. Gari nyingine za daraja la chini zina spika mbili tu za mbele, kwa hiyo ya pini 6 inaweza isiwepo. Si kasoro.

Pembeni mwa redio kuna vyuma viwili vyenye matundu mengi. Vihamishie kwenye redio mpya kwa skrubu fupi zilizokuja nayo. Skrubu ndefu inaingia ndani na kugusa saketi, na hapo umeua redio kabla hujaiwasha.

Waya, ndiyo kazi yenyewe

Hii fanya mezani, nyumbani, gari liko mbali. Unaunganisha waya wa redio mpya na waya wa zile soketi ulizonunua. Gari linahusika kwenye vipimo tu, nitakavyoeleza hapa chini.

Redio mpya nyingi zinafuata rangi hizi:

- Njano: umeme wa kudumu, unaotunza kumbukumbu
- Nyekundu: umeme unaokuja ukifungua swichi (ACC)
- Nyeusi: hasi
- Chungwa: taa za dashibodi
- Bluu: umeme wa antena, bluu yenye mstari mweupe ni wa kuamsha amplifaya
- Nyeupe: spika ya mbele kushoto
- Kijivu: spika ya mbele kulia, yaani ya dereva
- Kijani: nyuma kushoto
- Zambarau: nyuma kulia

Kwenye spika, waya wenye mstari mweusi ndio hasi.

Sasa upande wa gari. Toyota nyingi umeme wa kudumu uko kwenye bluu yenye mstari wa njano, ACC iko kwenye kijivu, hasi ni kahawia, na taa ni kijani. Spika ya mbele kushoto ni pinki na zambarau, ya mbele kulia ni kijani mwepesi na bluu. Za nyuma: kushoto nyeusi na njano, kulia nyekundu na nyeupe. Katika kila jozi niliyotaja, wa kwanza ni chanya.

Tazama tena orodha hizo mbili uone mtego ulipo. Kwenye redio kijivu ni spika. Kwenye gari kijivu ni umeme wa swichi. Anayeunganisha rangi kwa rangi anapeleka volti 12 moja kwa moja kwenye njia ya kutolea sauti, na ukifungua swichi tu, redio mpya imeungua. Njano ya redio inataka betri. Njano ya gari ni hasi ya spika ya nyuma. Nyekundu hivyohivyo. Hapa ndipo redio nyingi zinapofia, na muuzaji akiletewa anasema umeiunguza mwenyewe, naye hajakosea.

Soketi za kununua nazo, baadhi zimeshapangwa kwa rangi za redio, kwa hiyo njano kwa njano ni sawa. Nyingine zina rangi zozote zile kiwanda kilichokuwa nazo siku hiyo. Usiamini. Chomeka soketi tupu kwenye gari, ncha zote ziwe zimetengana, rudisha betri kwa muda, uchukue mita. Iweke kwenye volti 20 za DC, ncha nyeusi kwenye bolti ya chuma cha bodi. Waya unaosoma 12 na kitu huku funguo iko mfukoni, huo ni wa kudumu. Unaosoma sifuri na kupanda ukifika ACC, huo ndio wa nyekundu. Unaopanda ukiwasha taa, huo ni wa chungwa. Andika kwenye karatasi, toa tena hasi ya betri.

Spika unazitambua kwa ile betri ya AA. Gusisha ncha za jozi moja kwenye betri kwa nukta tu, uachie. Spika husika itatoa mkwaruzo mfupi, ukajua ni mlango gani. Kama koni inaonekana, itazame: ikisukumwa nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika. Ikirudi ndani, geuza. Spika moja ikiwa kinyume na mwenzake muziki utalia, ila besi itapotea na hutajua imeenda wapi. Halafu usiunganishe hasi ya spika na bodi kwa nia ya kupunguza waya. Redio za siku hizi hasi ya spika si hasi ya gari, na ukizichanganya unaua amplifaya ya ndani.

Kuunga: kuchomea kwa solda na kufunika kwa mpira unaobana kwa joto ndiyo njia bora. Ya pili ni vikonekta vya kubana kwa koleo lake. Kusokota na tepu tupu sikushauri kwa mji huu. Joto la dashibodi linayeyusha gundi, na barabara za kupanda Mabatini au Igogo zinatikisa kila kitu kila siku. Taratibu tepu inateleza na waya mbili zinabusiana. Kata waya kwa urefu tofautitofauti ili viungo visikae vyote mahali pamoja. Waya usiotumika, kama wa spika za nyuma kwenye gari la spika mbili, ufunike ncha yake mmoja mmoja.

Kuhusu nguvu: boksi litakuambia wati 50 mara 4. Hizo ni za kilele cha nukta moja. Za kweli ni kama 15 hadi 20 kwa spika, na waya wa Toyota unazibeba bila shida. Ukitaka sabufa, hiyo ni amplifaya yake na waya wake mnene kutoka betri wenye fyuzi karibu na betri. Usiivute kutoka kwenye waya wa redio.

Antena, kamera na mengineyo

Waya wa bluu wa redio upeleke kwenye busta ya antena, kile kidude kinachokuza mawimbi, kama gari lako linayo. Usipoupeleka, FM itasikika kwa mbali hata ukiwa katikati ya mji, halafu utailaumu redio.

Kamera ya nyuma inapata umeme kutoka taa ya rivasi, na waya mwembamba unaokuja mbele unaingia kwenye ule wa redio ulioandikwa BACK au REVERSE. Pitisha waya chini ya kava za mlangoni, si chini ya kapeti wazi ambapo watu wanakanyaga. Antena ya GPS inakaa chini ya kioo cha mbele ikitazama juu, isifunikwe na chuma.

Kuna waya wa handibreki, unaozuia video isionekane gari likitembea. Mafundi wengi wanauunga hasi ili video icheze muda wote. Mimi nauunga kwenye handibreki kama ilivyokusudiwa.

Jaribu kabla ya kufunga

Chomeka kila kitu, redio ikiwa inaning'inia juu ya kitambaa, kisha rudisha betri. Fungua swichi. Weka FM mpaka stesheni za juu kabisa, cheza flashi, piga simu. Tumia mpangilio wa kugawa sauti (balance na fader) kupeleka muziki kona moja moja: mbele kulia ilie mbele kulia. Washa taa uone redio inafifia. Ingiza rivasi. Zima gari, toa funguo, subiri kidogo, washa tena: saa na stesheni ziwe palepale.

Yote yakikubali, ndipo ufunge. Waya zielekeze chini, penye nafasi, zisirundikane nyuma ya redio mpaka uisukume kwa nguvu. Zifunge kwa klipu, zizungushie kipande cha sponji zisigonge plastiki. Bolti za namba 10 ziingie zote nne. Anayebakiza moja mfukoni atalisikia dashibodi likilalamika tangu Nyakato mpaka Kisesa. Usisahau soketi ya hazadi kabla ya kubana kava.

Kwa kuwa betri ilitolewa, saa ya gari itakuwa imerudi mwanzo, na kioo cha dereva cha kujipandisha chenyewe kinaweza kugoma. Kipandishe mpaka juu na uendelee kushika swichi sekunde moja mbili, kitakumbuka.

Ikigoma

Redio inasahau stesheni kila ukizima: njano na nyekundu zimebadilishana, au zote mbili ziko kwenye ACC.

Betri inakufa: nyekundu iko kwenye umeme wa kudumu, kwa hiyo redio hailali. Hii inawauma zaidi wanaoacha gari mjini na kupanda meli kwenda Ukerewe. Redio inayokunywa miliampia 300 imezimwa inamaliza zaidi ya ampia-saa 7 kwa siku, na betri ya Vitz ni kama 35. Uliondoka Ijumaa, Jumatatu gari linatoa tik tik tu. Pima hivi: toa hasi ya betri, weka mita kwenye ampia 10, ncha moja kwenye kichwa cha betri na nyingine kwenye waya wa hasi, milango imefungwa, subiri dakika kadhaa gari lilale. Chini ya miliampia 50 ni sawa. Ikiwa juu, chomoa redio uone kama namba inashuka. Wakati mita iko hapo usijaribu kuwasha injini, utaunguza fyuzi ya mita.

Mluzi unaopanda na mwendo wa injini: hasi ni mbovu. Chukua waya mpya wa hasi kutoka redio mpaka bolti ya chuma cha bodi, kwangua rangi, kaza.

Redio haiwaki kabisa: angalia fyuzi ndogo nyuma ya redio, kisha za gari. Kwenye Toyota kadhaa umeme wa kumbukumbu wa redio unatoka fyuzi moja na taa ya ndani, iliyoandikwa DOME, na ule wa ACC uko pamoja na soketi ya kuchajia simu. Taa ya ndani imezimika siku hiyohiyo? Umeshapata pa kuanzia. Weka fyuzi ya ampia zilezile, usipandishe. Ikiungua tena, toa bolti nne, vuta redio nje, uangalie nyuma ya vile vyuma vya pembeni: waya uliobanwa na chuma ndio mara nyingi unaokutwa hapo, umechubuka upande mmoja.